Maswali na majibu: Azim Surani, panya wa Cambridge na vifaru wa Laikipia

Makala yangu kuhusu Profesa Azim Surani imeleta barua nyingi. Kwa ambao haikuwafikia, habari yenyewe kwa ufupi ni hii: Surani ni mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka 1984 alionyesha kwamba jeni za mama na za baba, hata zikiwa zinafanana herufi kwa herufi, hazifanyi kazi sawasawa, na kwamba panya hawezi kuumbika akakamilika akikosa upande mmoja. Miaka iliyofuata aliitumia kuchunguza mayai ya uzazi na mbegu za kiume hutokana na nini. Barua zilizofanana nimeziunganisha, na zile za kunitukana nimeziacha zipumzike.

Ni kweli huyu mtu ni wa Kisumu? Mbona hata shuleni hatukumsikia? (Msomaji, Kisumu)

Kweli kabisa. Alizaliwa Kisumu mwaka 1945, elimu ya juu akaipata Uingereza, na shahada ya uzamivu akaichukua Cambridge mwaka 1975 chini ya Robert Edwards. Edwards ndiye yule ambaye miaka mitatu baadaye, akiwa na Patrick Steptoe na Jean Purdy, alifanikisha kuzaliwa kwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilitungwa maabara. Kwa hiyo Surani alilelewa kisayansi jikoni kwenyewe.

Sifa hajazikosa huko nje. Alipata Medali ya Kifalme ya Royal Society mwaka 2010, Tuzo ya Gairdner ya Kanada mwaka 2018 pamoja na Davor Solter, na Tuzo ya Kyoto mwaka 2025. Kwetu hasikiki kwa sababu, kwa maoni yangu, kazi yake haikuzaa kidonge wala sindano. Ilizaa maelezo, na maelezo hayapigiwi vigelegele. Mendel na njegere zake tumewakariri wote. Surani ndiye aliyetuonyesha mahali ambapo hesabu za Mendel hazifiki.

Shikamoo. Hiyo 1984 alifanya nini hasa? Nieleze kidato cha nne niweze kuelewa. (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Anza na yai la panya. Ni dogo hata halifiki sehemu ya kumi ya milimita. Mbegu ya baba ikishaingia, kwa saa kadhaa yai huwa na viini viwili vilivyokaa mbalimbali, kimoja cha baba na kimoja cha mama, havijaungana bado. Cha baba huwa kikubwa kidogo, kwa hiyo mtafiti mwenye hadubini nzuri na mkono usiotetemeka anaweza kukitambua, akakinyonya kwa sindano ya kioo na kukihamishia yai jingine.

Surani na wenzake, Sheila Barton na Michael Norris, walichukua mayai yaliyochochewa kuanza kukua bila kuingiliwa na mbegu, yaani yenye kiini kimoja tu cha mama. Mengine wakayaongezea kiini cha baba, mengine wakayaongezea kiini cha mama mwingine. Sasa angalia: makundi yote mawili yana kromosomu 40 kamili, idadi halali ya panya. Kwa hesabu ya darasani, yote yangezaa. Lakini walizaliwa wale wa baba na mama tu. Wale wa mama wawili walikua kiasi, kiinitete kinaonekana kabisa, ila kondo la nyuma lilikuwa hafifu mno, wakafa katikati ya mimba. Baadaye walijaribu baba wawili, ikawa kinyume chake: tishu za kondo zilistawi, kiinitete karibu hakipo.

Hapo hakuna jeni iliyopungua. Kilichopungua ni chapa. Wakati yai au mbegu ya kiume inatengenezwa, baadhi ya jeni hubandikwa alama za kemikali, methili, zinazosema “nakala hii inyamaze”. Mama huzibandika kwake, baba kwake, na si mahali pamoja. Mtoto anahitaji seti zote mbili ili pale nakala ya mmoja iliponyamaza, ya mwingine iseme. Mwaka huohuo James McGrath na Davor Solter, wakiwa Philadelphia, walifika palepale kwa njia yao. Leo zinajulikana jeni zaidi ya 100 za aina hii kwa panya.

Mimi ni mkunga. Mimba zabibu nimezishuhudia, na kila mara familia zinanyoosheana vidole. Je, zinahusiana na hiyo chapa? (Dodoma)

Zinahusiana moja kwa moja, na barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote.

Mimba zabibu kamili hutokea pale yai lisilo na kiini linapoingiliwa na mbegu ya kiume. Mara nyingi ni mbegu moja, inajirudufu, kromosomu 23 zinakuwa 46. Mara chache ni mbegu mbili. Vyovyote iwavyo, urithi wote umetoka kwa baba. Tadashi Kajii na Kazuso Ohama walilionyesha hilo mwaka 1977, miaka saba kabla ya panya wa Surani. Na matokeo yake unayajua wewe kuliko mimi: tumbo kubwa kuliko miezi yake, kutapika kupita kiasi, damu, kipimo cha mimba kinachosoma homoni ya hCG juu sana, na kwenye ultrasaundi hakuna mtoto, ni malengelenge matupu kama shada la zabibu. Yaani kondo limekua bila mtoto. Ni yaleyale ya panya wa baba wawili.

Upande wa pili nao upo. Kuna uvimbe wa ovari ambao ukipasuliwa unakutwa na nywele, mafuta, hata meno. Huo unatokana na yai la mwanamke mwenyewe lililoanza kujigawa bila mbegu yoyote. Urithi wa mama mtupu: tishu za mwili zipo, kondo hakuna. Nimeshasikia huo uvimbe ukielezwa kuwa ni mtoto aliyerogwa akabaki tumboni. Hapana.

Kwa hiyo familia zikianza, waambie hakuna aliyetoka nje ya ndoa na hakuna jirani aliyefanya kitu. Ni ajali ya yai, na huwapata zaidi wasichana wadogo na wanawake waliovuka miaka 40. La muhimu ni kwamba mama akishasafishwa kizazi asiishie hapo. hCG ipimwe tena na tena mpaka iishe, na asibebe mimba nyingine kabla daktari hajaruhusu, kwa sababu wachache hupata saratani inayotokana na mabaki hayo. Ikigunduliwa mapema, wengi sana hupona kwa dawa. (Mimba zabibu isiyo kamili ni habari nyingine: yai ni zima, limeingiliwa na mbegu mbili, kromosomu zinafika 69.)

Bibi yangu anasema mtoto hurithi akili za mama. Ndiyo chapa hiyo? (Zanzibar)

Bibi aendelee kumsifu binti yake, ila asimsingizie Surani. Binadamu tuna jeni kama 20,000 zinazotengeneza protini, na zenye chapa ni chache sana kati ya hizo. Nyingi zinahusika na ukuaji wa mimba, kondo na ubongo. Mfano ni ile ya IGF2, inayosukuma ukuaji, ambayo tumboni inayofanya kazi ni nakala ya baba. Akili imesukwa na jeni nyingi mno, na chakula, na shule, na utulivu wa nyumba.

Nina mwanafunzi anayekula bila kushiba, mpaka anaiba chakula cha wenzake. Umetaja Prader-Willi. Ndiyo ugonjwa wake? (Mwalimu, Eldoret)

Mwalimu, kwanza muulize kwa upole jana usiku alikula nini. Watoto wengi wanaoiba chakula shuleni wana njaa ya kawaida.

Prader-Willi ni nadra, hukadiriwa mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000. Historia yake huanzia uchangani: mtoto alizaliwa mlegevu, hana nguvu hata ya kunyonya. Miaka kadhaa baadaye mambo yanageuka, njaa haiishi, uzito unapanda, kimo kinabaki kifupi, mikono na miguu midogo, masomo yanamlemea. Mama yake atakumbuka kama utoto ulikuwa hivyo. Ikiwa ndivyo, aonwe na daktari wa watoto, kipimo cha chapa kwenye DNA kipo. Viboko havitibu njaa hii.

Chanzo chake ni kipande cha kromosomu ya 15 ambamo kuna jeni zinazosikika kwa nakala ya baba tu. Ya baba ikikosekana, ni Prader-Willi. Kipande hichohicho kikikosekana upande wa mama, unapata ugonjwa tofauti kabisa, Angelman: degedege, kutoongea, kuyumba, na kucheka kila mara. Kabla ya 1984 nani angeweza kueleza kwa nini kosa moja lizae magonjwa mawili kulingana na mzazi?

Kwa hiyo mwanamke hawezi kushika mimba bila mwanamume? (Jina limehifadhiwa)

Kiasili, hapana. Mijusi fulani huweza, joka la Komodo huweza, hata bata mzinga imeshatokea. Wanyonyeshao tumefungwa na chapa. Kama swali lako lina mtu maalum nyuma yake, sitaingia huko.

Ninaishi Nanyuki. Uliandika kwamba kazi ya Surani imefika kwa vifaru wa hifadhi ya Ol Pejeta. Wataalamu wa vifaru tunawaona wakija, huyo sijawahi kumwona. (Nanyuki)

Hukumwona kwa sababu waliofika ni matunda ya maabara yake, si yeye.

Baada ya 1984 Surani alibaki na swali moja la wazi. Kama nilipokea kwa mama yangu nakala yenye chapa ya kike, na mimi ni mwanamume, basi kabla sijatengeneza mbegu chapa hiyo lazima ifutwe na iandikwe upya kiume. Inafutwa wapi? Jibu ni kwenye seli mama za uzazi, zile ambazo baadaye huwa mayai au mbegu. Kwa panya huonekana mapema sana, kiinitete kikiwa na wiki moja hivi, na mwanzoni ni kama 40 tu. Maabara yake ikaanza kutafuta nini kinaziamuru seli hizo kuwa za uzazi. Mmoja wa vijana waliofanya kazi hiyo hapo Cambridge ni Mitinori Saitou, na mwingine ni Katsuhiko Hayashi.

Wote wawili wakarudi Japani. Wakiwa Kyoto, mwaka 2011 na 2012, walichukua seli shina za panya, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina yoyote, zikiwemo zilizotokana na seli za kawaida za mwili kwa mbinu ya Shinya Yamanaka ya mwaka 2006, wakazigeuza seli mama za uzazi, na kutokana nazo panya wakazaliwa. Mwaka 2016 Hayashi, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Kyushu, akaikamilisha safari nzima ya yai ndani ya chombo cha maabara.

Sasa Laikipia, iliko Ol Pejeta. Vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili: Najin, aliyezaliwa 1989, na bintiye Fatu, wa mwaka 2000. Sudan, baba yake Najin, alikufa tarehe 19 Machi 2018. Hakuna kati ya majike hao anayeweza kubeba mimba: miguu ya nyuma ya Najin ni dhaifu, na kizazi cha Fatu kina kasoro. Ndipo Agosti 2019 timu ya Thomas Hildebrandt kutoka Berlin, pamoja na wenyeji wa Ol Pejeta na Huduma ya Wanyamapori ya Kenya, ikaanza kuvuna mayai. Si kazi ndogo. Ovari za kifaru ziko ndani zaidi ya mita moja, mkono haufiki. Mnyama hulazwa usingizi kabisa, chombo kirefu chenye ultrasaundi hupitishwa kwenye njia ya haja kubwa, na sindano hutoboa ukuta kuelekea kwenye ovari huku pembeni kuna mishipa mikubwa ya damu. Mayai husafirishwa ndani ya chombo cha joto hadi Cremona, Italia, yakadungwe mbegu za madume waliokwisha kufa.

Viinitete vimepatikana, zaidi ya 30, lakini vyote ni vya mayai ya Fatu. Najin alistaafishwa mwaka 2021. Kundi zima la wanyama haliwezi kujengwa juu ya mama mmoja. Hapo ndipo Hayashi anapoingia. Seli za Nabire, jike aliyekufa Jamhuri ya Cheki mwaka 2015, zilikuwa zimehifadhiwa, na Desemba 2022 timu ya Hayashi, sasa akiwa Osaka, ilitangaza kuwa imezigeuza kuwa seli mama za uzazi. Jeni iliyohitajika kuzigeuza inaitwa SOX17. Umuhimu wake kwa binadamu uligunduliwa na maabara ya Surani, kazi iliyochapishwa mwishoni mwa 2014. Panya hawaitegemei hivyo. Kwa jambo hili kifaru anafanana na wewe na mimi kuliko na panya, na anayejua panya peke yake angekwama.

Yai lenyewe la Nabire bado. Seli mama ya uzazi ikikosa tishu za ovari za kuilea ni kama mche usio na kitalu. Kwa panya tishu hizo zilichukuliwa kwenye vijusi, na baadaye Hayashi akaweza kuzitengeneza pia. Za kifaru utazipata wapi? Mimi naona hapo ndipo ulipo mlima, ingawa magazeti hupenda kuandika kama kwamba ndama yuko njiani. Na tusisahau kwamba hawa vifaru hawakuisha kwa kukosa maabara. Porini mara ya mwisho walikuwa Garamba, Kongo, na waliomalizwa hapo walimalizwa kwa bunduki.

Assalamu alaykum. Panya wa baba wawili bila mama? Mnatupeleka wapi? (Mzee, Mombasa)

Waalaykumu salaam, mzee wangu. Kuhusu halali na haramu nitawaachia wenye elimu yake. Mimi nieleze kilichofanyika, kwa sababu kichwa cha habari kilikula nusu.

Machi 2023 Hayashi alitangaza hivi: seli za mkia wa panya dume zilirudishwa kuwa seli shina, zikakuzwa muda mrefu hadi baadhi zikapoteza kromosomu Y zenyewe. Hizo zikatiwa dawa iliyosababisha X iliyobaki iwe mbili. Sasa ni seli zenye X mbili, zinaweza kuwa yai. Zikapitia hatua zote, chapa za zamani zikafutika, za kike zikaandikwa, na yai likarutubishwa na mbegu ya dume mwingine. Viinitete 630 vilipandikizwa, wakazaliwa panya saba. Lakini tishu za ovari zilizolea mayai zilitoka kwa vijusi vya kike, na mimba zilibebwa na majike. “Bila mama” ni neno la gazeti. Mwanzoni mwa 2025 watafiti wa China walipita njia nyingine, wakahariri sehemu 20 zenye chapa, na baadhi ya panya wa baba wawili wakafika utu uzima, japo tasa. Yaani kizuizi alichokitambua Surani ndicho hichohicho walichopaswa kukiondoa.

Lililonivutia kwa Hayashi ni dogo na halikuandikwa sana. Dawa ileile ilisaidia kuondoa kromosomu ya ziada kwenye seli za panya wenye kasoro ya aina ya Down.

Kaka, nina miaka 43, hedhi ilikoma nikiwa na 38. Mume wangu anasema tuuze kiwanja twende Japani wanitengenezee mayai kwa ngozi. (Mwanza)

Pole, dada yangu. Kiwanja msiuze. Huduma hiyo haipo Japani wala popote, na atakayewaambia anayo anawaibia. Kwa binadamu, timu ya Saitou ilionyesha mwaka 2018 kwamba inaweza kufikisha seli kwenye hatua za mwanzo tu za yai, na hata hapo ilichukua karibu miezi minne. Yai la mwanadamu lililo tayari kurutubishwa halijapatikana kwa njia hii. Tena kumbuka hesabu ya saba kati ya 630: nani atakubali kuijaribu kwa mtoto wa mtu?

Njia iliyopo leo ni yai la kuchangiwa na mwanamke mwingine, likarutubishwa kwa mbegu za mumeo na kupandikizwa kwako. Si rahisi kwa pesa wala kwa moyo, na dini zina kauli tofauti, mzungumze wawili kwanza. Ila kuna jambo usilisubirishe kwa sababu ya mtoto: hedhi kukoma kabla ya miaka 40 hudhoofisha mifupa na huongeza hatari ya moyo. Nenda kwa daktari wa wanawake umuulize kuhusu tiba ya homoni, hata kama habari ya mtoto mtaiahirisha.

Ndama akibebwa na kifaru mweupe wa kusini, si atakuwa chotara? (Nanyuki, mwingine)

Hapana. Yai ni la kaskazini, mbegu ni ya kaskazini, na hata mitokondria, vinu vya nishati vya seli ambavyo hutoka kwa mama, zinakuja na yai. Mbebaji anatoa kizazi na maziwa. Kwamba inawezekana kumbebesha kifaru mimba ya maabara kulithibitishwa hapohapo Ol Pejeta: Septemba 2023 jike wa kusini aitwaye Curra alipandikizwa kiinitete cha kusini, kikashika. Alikufa Novemba kwa bakteria baada ya mafuriko, na alipopasuliwa kijusi cha siku 70 kilipatikana, dume, urefu sentimita 6.4.

Ndama asichoweza kukipata kwa mbebaji wa kusini ni mwenendo wa jamii yake, ambao kifaru huupata kwa kukaa na wakubwa zake. Waliobaki wa kumfundisha ni Najin na Fatu tu. Mimba ya kifaru huchukua takriban miezi 16, Sudan alikufa akiwa na miaka 45, na Najin sasa amevuka 35.